Je, Aliyeshinda Njaa Amefunga?



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia tunatangaziwa kanisani habari ya kufunga, nasi twaitikia kwa desturi. Lakini karibu kila mwaka yupo mtu, aghalabu mama mtu mzima, anayesema pale nje baada ya ibada, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu, "Tufunge nini tena, na ghala limeshatufungisha tangu Januari?" Watu hucheka, kisha kila mmoja hushika njia ya kwake. Sisi twaona neno hilo halistahili kupita na kicheko. Ni swali la imani, tena zito. Je, mtu aliyeshinda njaa kwa sababu hana chakula, amefunga mbele za Mungu? Kama amefunga, mbona tunamtangazia tena? Na kama hajafunga, tumwambie afanye nini?

Tuanze na kalenda. Jumatano ya Majivu haiji kabla ya tarehe 4 Februari, wala haipiti tarehe 10 Machi. Hapa Mikese, kama katika vijiji vingi vilivyo chini ya milima ya Uluguru, hiyo ndiyo miezi ambayo mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha au yanakaribia kwisha. Vuli ya Oktoba hadi Desemba mara nyingi haileti mavuno ya kutegemea, masika ya Machi hadi Mei ndiyo kwanza yanatazamiwa, na mavuno yenyewe ni Juni na Julai. Tena ni miezi ya jembe: kulima, kupanda na kupalilia. Kwa hiyo mtu hufanya kazi nzito kuliko zote katika siku ambazo hula kidogo kuliko zote. Nyumba nyingi hupika mara moja kwa siku, na mboga ni kisamvu au majani ya kunde. Sisi tuliofundisha shule za msingi tunaijua miezi hiyo kwa nyuso za watoto. Ikifika saa nne, mtoto aliyetoka nyumbani bila uji huutazama ubao, lakini haoni kilichoandikwa.

Ndani ya miezi hiyo Kanisa linatuita tufunge. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ni chimbuko la sala zetu za Kianglikana, kimezihesabu siku arobaini za Kwaresima kuwa siku za kufunga, pamoja na Ijumaa zote za mwaka isipokuwa Krismasi ikiangukia siku hiyo. Wito huo ni wa Wakristo wote. Haukusema ni wa wenye ghala peke yao.

Ziko desturi nyingine za kumlea mtu kiroho katika maisha ya kila siku: sala ya alfajiri, kusoma Neno, kunyamaza, kuungama, kutoa. Zote ni njema na zote zahitajiana. Tumechagua kufunga kwa sababu ndiko kunakogusa chungu. Mtu aweza kusali miaka ishirini bila jirani yake kujua kama sala ile imemgeuza. Jambo linalogusa chungu hujulikana mapema.

Majibu mawili tunayoyasikia

Jibu la kwanza lasema hivi: njaa ya maskini ni mfungo tosha, Mungu anaiona, basi aachwe apumzike. Hili ni jibu la huruma, na aliyelitoa hakukusudia ubaya. Hata hivyo lina hatari kubwa ndani yake. Mtu aliyeibiwa shilingi elfu kumi hajatoa sadaka ya shilingi elfu kumi. Ameibiwa. Vivyo hivyo mtu aliyekosa chakula kwa sababu mvua haikunyesha, au kwa sababu aliyauza mahindi yake kwa bei ya kutupa mwezi wa Julai, hajafunga. Amekosa chakula. Tukimwita mfungaji, tunampa jina zuri badala ya kumpa unga.

Tena, kama njaa ni ibada, basi anayetutia njaa anatusaidia kuwa watakatifu. Mchuuzi anayedai gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo kinyume cha sheria ya vipimo, angekuwa mlezi wetu wa kiroho, na ukame ungekuwa uamsho. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubali hayo. Tunakumbuka, sisi tuliokuwa watoto mwaka 1974, mvua ziliposhindikana na Serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nchi za nje. Tulikula unga wa njano, ambao watu waliupa jina la Yanga kwa sababu ya rangi yake. Katika siku zile hatukusikia mtu akisema kwamba taifa limefunga. Watu walisema kuna njaa, wakatafuta chakula. Na Bwana wetu, wanafunzi walipomshauri awaage makutano waende kujitafutia chakula, hakuwaambia makutano kwamba njaa yao ni njema kwa roho zao. Aliwaketisha penye majani, akawalisha.

Jibu la pili ni la watu wakali zaidi. Wao husema kufunga ni jambo la hiari. Njaa isiyochaguliwa haina faida kwa roho, kwa hiyo hata maskini lazima achague siku yake, afunge kama wengine, asitafute udhuru. Hapa pana ukweli, kwa maana bila hiari hakuna mfungo. Lakini wenye jibu hili hupima hiari kwa kipimo kimoja, kana kwamba hiari ya mwenye magunia kumi na hiari ya mwenye kibaba kimoja ni sawasawa. Aliye na magunia kumi akiacha chakula cha mchana anajua jioni atakula. Huyu wa kibaba kimoja hajui. Ukimwamuru aache na hicho, umemzidishia mzigo, nawe hujaugusa kwa kidole.

Basi majibu yote mawili yamepungukiwa. La kwanza limesahau hiari, la pili limesahau ghala. Turudi nyumbani, tutazame chungu chenyewe.

Sahani ya mama

Katika nyumba nyingi za huku kwetu mama ndiye anayepakua. Baba na mgeni hupata kwanza, watoto hufuata, naye hubaki na kilichogandamana na sufuria. Mtoto akiuliza, "Mama, wewe huli?" hujibu, "Nimeshiba mwanangu, nilionja nikipika." Hajaonja kitu. Hatutaki kubishana hapa kama neno lile ni uongo. Twauliza jambo lingine: je, huyu amefunga?

Twaona amefunga kweli. Hakuchagua ghala liwe tupu. Lakini ndani ya lile asilolichagua, amechagua. Chakula kilikuwa mkononi mwake, akakipitisha kwa mwingine. Tena amefunga kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo sura ya 6, kwamba mfungaji anawe uso, asijionyeshe kwa watu. Amewaficha hata watoto wake mwenyewe.

Hapo ndipo tunapoona mfungo ni nini. Tumbo tupu peke yake halijawa mfungo, kwa maana hata mwizi aliyenyimwa chakula mahabusu ana tumbo tupu. Mfungo ni chakula kilichokuwa changu kwa haki, nikakiacha kwa hiari mbele za Mungu, kikaenda kwa mwenzangu. Mambo haya matatu yakiwapo, mtu amefunga, awe tajiri au maskini. Moja likikosekana, hapo pana njaa, au pana kubana matumizi, au pana kujionyesha.

Wakristo wa kwanza walilijua jambo hili. Katika karne ya 2, Mkristo mmoja wa Athene jina lake Aristides aliandika utetezi wa Wakristo kwa Kaisari wa Roma. Alieleza kwamba kwao, akiwapo mhitaji nao hawana akiba ya kumpa, hufunga siku mbili au tatu ili wampatie chakula. Angalieni, hawakuwa na akiba. Walikuwa maskini waliofunga kwa ajili ya maskini zaidi. Katika karne hiyo hiyo huko Roma, kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma kilifundisha kwamba anayefunga ahesabu gharama ya chakula ambacho angekila siku ile, kisha ampe mjane, au yatima, au mwenye shida. Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kusema mamia ya miaka kabla yao kwamba Mungu haupokei mfungo wa watu wanaowaonea vibarua wao siku ile ile wanayofunga, na kwamba mfungo anaoutaka ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula.

Wala tusione haya kutazama kwa majirani zetu. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilipishana kwa siku chache tu, na mwaka 2026 zilianza katika juma moja. Waislamu wanaofunga karibu na milango yetu hawamalizi mfungo wao kwa sala peke yake. Kabla ya sala ya Idi, mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, kiasi cha pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba yake, ili maskini naye ale siku ile. Mzee au mgonjwa asiyeweza tena kufunga hutakiwa kumlisha maskini kwa kila siku aliyoacha, kama ana uwezo. Mfungo wao una kipimo cha nafaka ndani yake. Wetu mara nyingi hauna kipimo. Tunaacha sukari kwenye chai, na sukari ile hubaki kabatini mpaka Pasaka, tukaitia yote siku moja.

Lakini mwanamke mjane je?

Mtu aweza kusema, "Bwana alimsifu mjane aliyetia sarafu mbili hekaluni, ambazo ndizo alizokuwa nazo. Basi maskini na atoe vyote." Twamwomba asome kuanzia mistari iliyo juu yake. Katika Marko sura ya 12, kabla tu ya habari ya mjane yule, Bwana aliwashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu kwa kujionyesha. Kisha mjane anaingia na sarafu zake mbili. Hatudhani mambo hayo mawili yaliwekwa pamoja kwa bahati. Bwana aliiona heshima ya mjane, na alikwisha kuwaona waliomfikisha kwenye sarafu mbili. Mhubiri anayeitangaza nusu ya pili na kuinyamazia ya kwanza hajalihubiri neno lote.

Ndivyo ilivyo na sahani ya mama. Si halali kwetu kumsifu mama anayelala na njaa, kisha tukaiacha hali ile iendelee. Kuusifu mfungo wake huku tukila sehemu yake ni kumnyonya kwa jina la dini. Mwenye nyumba akiuliza afunge vipi mwaka huu, jibu liko karibu sana naye. Asishike tonge mpaka sahani ya mama imepakuliwa sawa na yake. Huo ni mfungo wa kila siku, hauhitaji tangazo, tena una gharama kwa wanaume wengi tunaowajua.

Kwa nini tusitoe tu bila kufunga?

Hapa kijana aliyesoma aweza kutuuliza: "Kama lengo ni jirani apate chakula, kufunga kwa nini? Mwenye nacho atoe gunia, ale na chakula chake, mambo yaishe." Ni swali zuri, na halijibiwi kwa kukemea.

Kwanza, wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayetoa kutoka katika ziada hutoa kama alivyokadiria yeye, kwa wakati anaoutaka yeye, kwa mtu anayempendeza yeye. Aliyeshinda na njaa mpaka jioni, akapalilia nayo, hukadiria kwa namna nyingine. Mwili umemfundisha jambo ambalo masikio yalikuwa yameshindwa kulisikia.

Pili, ni habari ya mazoea. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa namna ya kumwongoza mtoto wa darasa la kwanza katika mwandiko. Hujaza mistari mingi kwa herufi moja, kesho tena, keshokutwa tena. Herufi ile haina maana peke yake. Mkono unazoezwa ili siku moja aweze kumwandikia mama yake barua, akili yake ikiwa kwenye habari na si kwenye kalamu. Kufunga Ijumaa moja, kusali dakika chache alfajiri, kuuzuia ulimi siku nzima, ni mistari ya mwandiko. Siku itakuja ambapo mtu atatakiwa kuacha jambo kubwa: hongo, au shamba la yatima, au mke wa mwenzake. Aliyekuwa hajawahi kuliambia tumbo lake "subiri" hataanzia hapo.

Tatu, na ndilo kubwa, tunafunga mbele za Mungu. Tazameni sala ambayo Bwana mwenyewe aliifundisha. Humo tunaomba chakula cha siku, na tunakiomba kwa wingi. Hakuna mahali mtu anapojiombea yeye peke yake. Basi ikiwa sisi sote wa parishi tumeiomba sala hiyo asubuhi, na jioni nyumba moja ina chakula cha nyumba mbili huku jirani hana, hatuwezi kusema Mungu hakujibu. Amejibu, ila jibu limewekwa kwenye ghala lisilo lake. Kufunga ni kulipeleka jibu lile mahali lilipotumwa. Ndiyo maana twasema kufunga bila kusali hupungua kukawa kubana matumizi, na kusali bila kufungua ghala hupungua kukawa maneno.

Mkopo wa debe

Sasa tufike mahali panapouma. Katika miezi hii hii ya njaa, yupo mwenye akiba anayemkopesha jirani debe moja la mahindi kwa mapatano ya kulipwa madebe mawili, au matatu, wakati wa mavuno. Yupo pia anayelinunua shamba la mahindi yakiwa bado mabichi, kwa bei anayoijua yeye, kwa sababu mwenye shamba ana mtoto mgonjwa. Baadhi ya watu hawa ni Wakristo, nao hupakwa majivu pamoja nasi.

Mapatano yamekuwapo, hilo hatulikatai. Aliyekopa alikubali. Lakini ile hiari tuliyoitaka katika kufunga, iko wapi katika kukubali kwa mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana? Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi sura ya 25, ilikataza kumpa ndugu aliyeishiwa chakula ili kupata faida. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni, lililiita jambo la namna hii unyonyaji. Maneno yamebadilika katika nchi yetu tangu siku zile, na biashara imepewa nafasi yake. Debe ni lile lile.

Anayekopesha hivyo akafunga Kwaresima yote, chakula kimekwenda upande usiofaa. Yeye ameacha mlo mmoja, na mwezi wa Julai atachukua milo mingi ya mwenzake. Kwa hesabu ya darasa la tatu, mfungo wake umelipiwa na jirani. Ndugu hawa hatuwataji majina wala hatuwatengi. Twawakumbusha desturi ya wazee wetu wa uamsho, ule ulioanza Rwanda upande wa Gahini katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na Kenya ukaingia Tanganyika. Watu walioguswa katika uamsho ule hawakuishia kulia na kuimba. Walirudisha walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Mtu aliyekwisha kupokea madebe matatu kwa moja aweza kurudisha mawili. Hapo atakuwa ameianza Kwaresima yake.

Kwaresima ya Julai

Ukitafakari sana utaona kwamba shida yetu haianzii Februari. Inaanzia Julai. Mahindi yakiwa uani, nyumba ina furaha, madeni ya shule na ya duka yanabisha hodi, magari ya wachuuzi yanasimama barabarani, na sherehe ni kila Jumamosi. Wakati huo hakuna anayehubiri kufunga. Ghala linapokuwa tupu ndipo tunapohubiri kiasi, na wakati huo kiasi kimeshakuwa cha lazima.

Twaona mfungo wa mkulima ungetakiwa uanze akiwa ameshiba. Yusufu huko Misri aliagiza sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe katika miaka saba ya neema, kama tunavyosoma katika Mwanzo sura ya 41. Hakungoja njaa. Hata hivyo someni na sura ya 47, ambapo watu walipokosa nafaka waliuza kwanza mifugo, kisha mashamba, kisha nafsi zao kwa Farao, nafaka ikiwa ile ile waliyoilima wenyewe. Akiba haiozi, lakini akiba iliyo mikononi mwa mtu mmoja yaweza kuwafanya wengine watumwa. Kwa hiyo akiba ya njaa ya Wakristo yapasa iwe na macho mengi ya kuiangalia.

Huko Mizoram, kaskazini-mashariki ya India, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 akina mama Wakristo wamekuwa na desturi ya kutenga konzi moja ya mchele kila wapikapo, kwa ajili ya kazi ya kanisa. Hawangoji siku ya sadaka. Sadaka iko jikoni, mara mbili kwa siku, kabla maji hayajachemka. Sisi twaweza kuwa na konzi yetu ya unga au ya mahindi kuanzia Juni, wakati konzi haiumizi, ili Februari iwepo inayotosha kumshika mtu mkono asiende kwa mkopeshaji. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vya nyumba arobaini si kidogo.

Tunayoyapendekeza

Hatuna mamlaka ya kutoa sheria katika parishi. Hayo ni ya kasisi na wazee wa kanisa. Twatoa ushauri tu, watu waupime.

Kwanza, wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wazee sana, wagonjwa, na wale wanaomeza dawa kila siku kwa ajili ya sukari, kifua kikuu au virusi vya ukimwi, wasifunge chakula. Kwao kumeza dawa kwa wakati na kula kama mganga alivyoagiza ni utii. Wanaweza kufunga ulimi, na huo si mfungo mdogo.

Pili, asiye na chakula asiambiwe amefunga, wala asiamriwe kufunga. Aulizwe ana watu wangapi nyumbani. Lakini yeye mwenyewe akitaka kutoa konzi yake, asizuiwe kwa kuhurumiwa. Aristides ametuonyesha kwamba heshima hiyo ni ya maskini pia, na kumnyima mtu nafasi ya kutoa ni njia nyingine ya kumdharau.

Tatu, kila afungaye apime. Unga ambao ungepikwa siku hiyo utiwe chomboni na upelekwe, ama kwa jirani moja kwa moja, ama kanisani kwenye pipa lisiloandikwa majina. Hesabu ya kilichotolewa na kilichogawiwa isomwe mbele ya watu wote. Majina ya waliopewa yasisomwe kamwe.

Nne, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi mavuno, Mkristo anayemkopesha mwenzake chakula apokee kipimo kile kile alichotoa.

Tano, sahani ya mama ipakuliwe mapema. Hili halihitaji kikao.

Ndugu wapendwa, Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walikuja kwenye chakula cha Bwana, mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Aliona kwamba mkutano wa namna hiyo unalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Sisi nasi twapiga magoti kwenye reli moja, twapokea mkate mmoja. Kabla ya kuuliza nani amefunga na nani hajafunga, tuulize anayepiga magoti pembeni yetu alikula nini jana. Kama hatujui, huko ndiko pa kuanzia. Mungu na atupe macho ya kuona, na mikono isiyochelewa. Amin.